Ini la Punje

Punje aliposema atatoa ini lake, alikuwa anamtazama dada yangu. Mimi nilikaa kiti cha karibu na mlango, nimeshika mkoba wa dada na chupa yake ya maji, kama mtu aliyeletwa kubeba mizigo.

Daktari alikuwa ametuchorea kwenye karatasi. Ini alilichora kama kiatu cha mtoto kilicholala ubavu, halafu ndani yake akaweka kiduara.

"Huu ndio uvimbe," alisema. "Ni saratani, lakini uko mmoja na haujatoka nje ya ini. Leo una sentimita nne na milimita tatu."

"Si muukate tu mwondoe?" niliuliza.

"Ini lenyewe limeshajaa makovu, mama. Ile homa ya ini amekaa nayo miaka mingi bila kujua. Tukikata kipande, kinachobaki hakina nguvu ya kumbeba. Kwa hali yake dawa nzuri ni kulitoa ini lote na kumpandikizia jingine. Uvimbe unaondoka, na ini bovu lililouzaa linaondoka nao."

Ila kuna mpaka, akasema. Uvimbe ukishapita sentimita tano, mara nyingi unakuwa umeshatuma mbegu kwingine, na hapo hospitali yao haipandikizi tena. Ini jipya lingetoka kwa ndugu aliye hai. Anakatwa sehemu ya lake, na ile inayobaki inakua. Baada ya miezi michache linakaribia ukubwa wake wa zamani.

"Na huyo anayekatwa, hatari haipo?" niliuliza tena.

"Ipo. Ni ndogo, lakini siwezi kukwambia haipo."

Ndipo Punje aliposema, "Nipimeni mimi. Mama, usiseme kitu, nimeshaamua." Mama aliyekuwa akiambiwa ni dada.

"Nipimeni mimi kwanza," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Daktari aliniuliza miaka yangu. Hamsini na tisa. Akasema kwao mtoaji anaishia hamsini na tano. Akaniuliza kama nina maradhi yoyote. Dada akanijibia, "Ana sukari, daktari. Jumatano mbili kila mwezi yuko kliniki ya chini hapo." Akanigeukia. "Mdogo wangu, ini lako tuliache lipambane na chai yako."

Punje alicheka. Daktari naye akacheka. Mimi nikaufungua mkoba wa dada nikaufunga tena.

*

Punje nimemzaa mimi. Hilo halikuwa siri kwetu, hata paka wa nyumbani alijua. Nilikuwa na miaka kumi na minane, sina mume, na aliyenipa mimba alishahama mji kabla tumbo halijaonekana. Dada alikuwa amesoma, ameolewa na karani wa watu, ana nyumba yenye bati jipya, na mwaka wa sita wa ndoa hakuwa amepata hata dalili ya mimba. Mama yetu akasema mtoto aende kwa mkubwa. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusubiri kuulizwa. Nilimnyonyesha miezi mitano, nikampeleka mwenyewe, nikarudi na kitambaa cha kumfutia mate.

Na hata shule ilikuwa hivyo hivyo. Bibi yetu alipopooza alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Dada alikuwa na akili za darasani, kwa hiyo mimi nikatolewa darasa la nne. Yeye akaenda mpaka akawa mwalimu, halafu mwalimu mkuu. Mimi nikapata cherehani, nikashona sare za wanafunzi wake. Sijawahi kusema kwamba dada ni mtu mbaya. Ubaya ningeujulia pa kuushika.

Jina la kwenye cheti alimpa dada, jina refu la heshima. Punje nilimwita mimi siku aliyozaliwa kwa udogo wake, na ndilo lililobaki mdomoni mwa kila mtu. Nilifurahi kwa hilo miaka mingi kupita kiasi. Kwa sababu Punje alimwita dada mama, na mimi, kwa kuwa ni mdogo wa mama yake, akaniita mama mdogo. Miaka arobaini na moja. Ameolewa, ana wanawe wawili, anafundisha watu kuendesha magari na anawafokea wanaume wazima barabarani, bado mimi ni mama mdogo. Wajukuu zangu wananiita Bibi Cherehani. Yule mwingine ni Bibi tu, haongezewi kitu.

*

Punje alipimwa kila kitu. Damu, mapafu, moyo, mafuta kwenye ini. Walimwambia apunguze kilo nne, akapunguza tano. Mumewe, ambaye ni fundi bomba na mdomo wake hauna koki, alinieleza yote amekaa dirishani kwangu akila karanga.

"Mama mkwe, ini lake limepita. Daktari kasema ni ini la kuoneshea wanafunzi. Mimi nimeoa almasi sikujua."

"Na wewe umekubali akatwe?"

"Nani kaniomba ruhusa? Mimi nimepewa ratiba ya kupika."

Baada ya siku nne alirudi, na safari hii hakula kitu. Faili lilikuwa limesimama. Kwenye fomu, palipoandikwa uhusiano wa mtoaji na mgonjwa, Punje alijaza "binti yake wa kumzaa", na cheti cha kuzaliwa kikakubaliana naye, maana marehemu shemeji alimwandikisha kama wake tangu mwanzo. Alijaza hivyo bila kufikiri, kama alivyojaza fomu zote maishani mwake. Lakini damu ya dada ni AB, na ya Punje ni O, inayoweza kumfaa mtu yeyote. Muuguzi mratibu akazilinganisha karatasi akaona jambo. Mama mwenye damu ya AB hazai mtoto wa O.

"Wanadhani tumemnunua mtu," mkwe alisema. "Kuna watu huwa wanaleta mgeni wanamwita ndugu, kumbe ini limeuzwa. Jopo lao linataka mama mzazi aende mwenyewe, apimwe damu, na awe na ushahidi wowote wa kuzaa. Punje kasema unayo kadi ya kliniki ya enzi zile. Unayo?"

Kadi ilikuwa kwenye saraka ya cherehani, chini ya bobini, mita moja kutoka goti langu. Ina jina langu, ina uzito wa mtoto, kilo mbili kasoro robo, ina muhuri. Nimeitunza vizuri kuliko meno yangu.

"Nitaitafuta," nilimwambia.

"Iko wapi kwani?"

"Kama ningejua ningesema nitaitafuta?"

Akaenda. Na mimi nikaendelea kukunja pindo la sketi za bluu.

Niseme ukweli nilitaka nini. Nilitaka Punje aje mwenyewe. Asitume mume. Aje akae kwenye kile kigoda changu, aseme, mama, naomba uende ukawaambie watu kwamba wewe ndiye uliyenizaa. Mara moja tu. Nilijiambia vilevile kwamba naogopa kisu, na kweli nilikiogopa, kuna siku nilikuwa nakata kitambaa mkono ukakataa kushusha mkasi. Lakini woga ule na wivu ule vilikuwa vimekaa benchi moja, na kila nilipomwuliza mmoja, aliyejibu alikuwa mwingine.

Punje alipiga simu. "Mama mdogo, ile kadi?"

"Bado natafuta."

"Nije nikusaidie?"

"Una kazi zako." Nikasubiri. Nilitaka aseme hapana, nakuja.

"Haya. Ukiipata nibipu."

Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili mratibu mwenyewe akanipigia, nikasema nyumba ni ndogo ila vitu ni vingi. Ya tatu nikaacha kupokea namba nisizozijua.

*

Dada alikuja siku ya Jumanne asubuhi. Nilimsikia kabla sijamwona, anapumzika kila ngazi ya tatu. Alikuwa na gauni la kijivu mkononi.

"Nipunguzie hili," alisema akiwa bado mlangoni. "Nikilivaa watu wananisalimia mara mbili, mara moja mimi, mara ya pili gauni."

"Si ungetuma mtu?"

"Ningetuma na mabega?"

Nilimpokea, nikamkalisha, nikampa maji. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kanda za viatu zimeacha njia. Macho yake yalikuwa na rangi ya chai ya jana. Nilikuwa sijamwona tangu siku ile ya daktari, na sababu za kutokwenda nilikuwa nazo nyingi, zote za kazi.

Akasimama nimpime. Nimempima dada yangu tangu ana kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili, vipimo vyake navijua kichwani. Mabega yalikuwa yameingia ndani. Mkono wa juu ulikuwa umebaki kama wa Punje akiwa darasa la sita. Tumbo peke yake ndilo lililoongezeka. Nilizungusha futi kamba nikasoma, nikazungusha tena nikidhani nimekosea.

"Usipime mara mbili mbili, sijageuka mti," alisema.

"Uvimbe umefikia ngapi?"

Alichukua ncha ya futi mikononi mwangu, akaweka kucha ya kidole gumba kwenye mstari. Nne na milimita saba. "Wamepima jana. Daktari anasema zimebaki tatu."

Milimita tatu. Kwangu hiyo ni mshono mmoja wa mashine, ule wa kawaida wa sare. Nimeshona mishono hiyo mamilioni bila kuifikiria.

"Lazima utakuwa unanichukia," nilisema.

"Kwa nini? Kwa kadi?" Aliketi taratibu. "Mdogo wangu, mtu akipoteza kadi ya miaka arobaini si kosa. Mimi jana nimepoteza miwani, ilikuwa usoni."

"Na Punje anasemaje?"

"Anasema utaipata. Nilimwambia aje atafute na wewe, akasema kuna vitu mama mdogo hapendi vishikwe." Akatazama cherehani. "Chaki iko wapi? Nitie alama mwenyewe hapa kwapani, panaponikera."

Kabla sijajibu alishanyoosha mkono, akavuta saraka. Nilikuwa nimepiga goti na pini mdomoni, sikuweza hata kusema ngoja. Akasogeza bobini moja, ya pili. Nikamwona anaiona. Kadi ilikuwa juu juu, nilikuwa nimeitoa jana yake kuitazama na kuirudisha. Jina langu, kwa wino uliofifia, lilikuwa linamtazama usoni. Dada ni mwalimu, anasoma haraka.

Akarudisha bobini mahali pake. Akafunga saraka.

"Chaki siioni," alisema. "Tumia sabuni."

Sikuinua kichwa. Nilitia alama kwa kipande cha sabuni, nikabana pini, nikamzungusha. Tulizungumza habari za mpangaji wake. Aliponyanyuka kwenda alishika mlango muda mrefu kuliko pumzi ilivyohitaji, nikadhani sasa atasema. Akaniambia gauni lisiwe la kubana sana, huenda akanenepa.

Ningependa angenitukana. Mtu akikutukana mnakuwa sawa. Lakini yeye aliiona kadi akaniachia nishinde, na nikabaki pale nimekasirika, nina mkasi mkononi, sijui nikate nini.

Saa sita mchana nilikuwa kwenye dirisha la mratibu na kadi yangu ndani ya mfuko wa nailoni. Nilisema imepatikana. Aliniangalia juu ya miwani, akasema, "Ilikuwa wapi?" nikasema, "Nyumbani." Wakanitoa damu siku hiyo hiyo. Ikasoma O, kama ya Punje.

*

Jopo lilikaa Alhamisi. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu: daktari mmoja mwanamke mzee ambaye ndiye mwenyekiti, afisa wa ustawi wa jamii, na mwanasheria kijana aliyekuwa na mafua. Waliingiza mtu mmoja mmoja. Punje aliingia kwanza akakaa nusu saa. Kisha wakaniita.

"Wewe ni nani wa mtoaji?" mwenyekiti aliuliza.

"Mama yake."

"Mama mzazi?"

"Mama mzazi. Mgonjwa ni dada yangu, tumbo moja. Yeye ndiye aliyemlea."

Mwanasheria akaandika. Nilitazama kalamu inavyokwenda. Miaka yote ile nilikuwa namngoja mtu aandike neno hilo kwa wino, akaja kuliandika kijana ninayemwona mara ya kwanza, anapenga kamasi, na halafu akaniuliza kama jina la baba wa mtoto linajulikana. Nikamwambia linajulikana ila halina faida. Afisa wa ustawi akainama kuficha mdomo.

Kadi ikapita mikono mitatu. Wakaniuliza kuhusu alama ya kuzaliwa, kuhusu aliyenizalisha, kuhusu siku niliyompeleka kwa dada. Nilijibu mpaka kitambaa cha kufutia mate. Mwenyekiti akavua miwani.

"Sasa nisikilize, mama. Hapa tuna utaratibu wetu. Tunayemwita humu ndani, akituambia ana shaka, kwamba mtoaji amelazimishwa, au anaogopa, au kuna jambo haliko sawa, sisi tunasimamisha. Na nje hatusemi ni nani aliyesema. Familia tunaiambia vipimo havikukubaliana, basi. Hata mgonjwa hajui. Tumemwambia binti yako hivyo hivyo, na yeye yake ametujibu. Kwa hiyo nakuuliza, wewe kama mama. Una shaka yoyote?"

Wewe kama mama. Hakujua alichoniwekea mezani.

Niliomba maji. Afisa akanimiminia, nikayanywa polepole. Nilikuwa na neno moja ambalo lingemrudisha Punje nyumbani mzima, hana kovu, na hakuna kidole ambacho kingenyooshwa kwangu. Dada angekwenda na ugonjwa wake kama watu wengi wanavyokwenda. Na Punje angebaki na mama mmoja. Sisemi wazo hilo lilinipitia tu likaenda. Lilikaa. Lilikunja miguu.

Lakini nikaendelea kuwaza, maana nina subira hata kwenye ubaya. Nikamwona dada amekufa. Nikaiona picha yake kubwa sebuleni kwa Punje, na watoto wanaambiwa Bibi alikuwa hivi, Bibi alikuwa vile. Dada aliye hai ana makosa, anasahau miwani, anapika chumvi nyingi, anakera watu kwa kusahihisha maneno yao. Dada aliyekufa hangekuwa na kosa hata moja. Ningeshindana naye vipi? Mimi ningekuwa mama mdogo ninayegawa sahani msibani, na baada ya hapo ningekuwa mama mdogo wa mtu asiyekuwepo. Huyo ndiye mshindani nisiyemweza.

Na alifunga saraka. Hilo nalo lilikuwepo. Sikulipenda, lakini lilikuwepo.

"Sina shaka," nilisema. "Huyo tangu tumboni hasukumwi. Mkimwona anatembea kuja huku, jueni ni miguu yake."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Asante, mama."

Nje Punje alikuwa amesimama kando ya mashine ya maji, anakula biskuti kavu, chakula chote kingine amekatazwa.

"Umewaambia nini?" aliuliza.

"Nimewaambia mimi ndiye niliyekuzaa."

"Walikuamini?"

"Wameandika."

Akanipa biskuti moja, akakumbuka sukari yangu, akaninyang'anya. Tukasimama. Niliona nisipouliza leo nitakufa nalo.

"Wewe ulijua lini?"

"Nina miaka kumi na mbili Mama aliniambia. Lakini nilishashuku. Watoto wengine uliwapima sare mara moja. Mimi kila muhula mara tatu."

"Ulikuwa unakua."

"Sikuwa nakua, mama mdogo. Mpaka leo sijakua." Na kweli, ananifikia begani.

"Na hujawahi kuniita mama. Hata kwa bahati mbaya."

Alitafuna mpaka akamaliza. Hana haraka, tabia hiyo ni yangu. "Nikikuita wewe mama, yeye nimwite nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni mkubwa wangu, basi mwite mama mkubwa. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikamwangalia, kesho kutwa wangemlaza mezani wamfungue, na nilikuwa nimemchelewesha wiki tatu kwa ajili ya jibu hilo hilo. Nikamwambia akamalizie biskuti zake amekaa.

*

Dada na Punje walipasuliwa siku moja, vyumba viwili vinavyotazamana. Madaktari walianza asubuhi, na jua lilikuwa linazama walipotoka kutuambia. Mkwe alikuwa amenyamaza saa zote hizo, na ndicho kitu kilichonitisha kuliko vyote. Daktari alisema ini la dada, lile la zamani, limeshapelekwa kupimwa, na uvimbe kwa kipimo cha mkono ulikuwa sentimita nne na milimita tisa.

Moja. Ilikuwa imebaki moja. Nilikwenda chooni nikafungulia bomba nikaacha maji yamwagike, nikarudi.

Kisha muuguzi akaleta vitambulisho vya kuingilia wodini. Kila mgonjwa anaruhusiwa mtu mmoja, huyo huyo mpaka atoke, habadilishwi, kwa kuogopa vijidudu. Cha Punje kilikuwa kimeandikwa jina la mumewe. Nilimtazama mkwe, mkwe akatazama viatu. Mume ni mume, kikaenda kwake. Kilichobaki kilikuwa cha dada. Shemeji ni marehemu, mtoto wake wa pekee amelala chumba cha pili na kidonda. Hakukuwa na mwingine.

Kwa hiyo mwanangu alikuwa amelala nyuma ya ukuta, na mimi nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikavaa kofia na gauni la kijani lililoshonwa vibaya mikononi, nikaingia kwa dada.

Siku ya kwanza hakunijua. Alikuwa na mirija kila mahali. Mmoja ulitoka ubavuni ukaishia kwenye kimfuko kilichoning'inia kitandani, na ndani yake kulikuwa na maji mazito, ya kahawia yenye kijani, yanadondoka taratibu. Nikamwuliza muuguzi kama ni uchafu.

"Hiyo ni nyongo, bibi. Hii rangi ndiyo tunayoitafuta. Ina maana ini limeanza kazi."

Niliitazama siku nzima. Ilikuwa inatoka kwenye kipande cha Punje, na Punje ametoka kwangu, kwa hiyo palikuwa na kitu changu mle kinachofanya kazi ndani ya dada yangu bila kunishukuru. Roho iliniuma. Nilikuwa nimefikiri nikishafanya jambo jema itaacha, lakini haikuacha, ila sasa ilikuwa inauma huku nahesabu matone na kumwita muuguzi kila yanapochelewa.

Siku ya tatu asubuhi walikuwa wameshamtoa mpira wa kooni. Macho yalikuwa bado ya njano, ila kwa mbali. Akanitambua. Midomo ilikuwa mikavu, nikailowesha kwa pamba.

"Mwanangu?" aliuliza. Sauti kama mlango wa kabati.

"Mwanangu mzima," nilimjibu. "Kakaa kitandani tangu jana. Kala uji."

Najua watu wangependa niseme mwanetu. Mkwe nilipomsimulia alisubiri niseme hivyo, akafungua mdomo kabisa kunisaidia. Sikusema. Sijafika huko, na sidanganyi mtu aliyetoka kisuni.

Dada akaitikia kidogo kwa kichwa, kama anavyofanya mwanafunzi wake akitoa jibu ambalo si la kitabuni lakini hawezi kulikosoa.

"Basi nenda kamwone," alisema.

"Siruhusiwi. Kitambulisho changu ni cha kwako."

Akataka kucheka, mshono ukamkamata, akakunja uso na kunishika kifundo cha mkono. Alinibana kweli. Mkono ule ambao Jumanne niliupima ukawa mdogo kama wa mtoto ulikuwa na nguvu.

"Pole yako," alisema ilipopita.

"Pole yangu."

Muuguzi akaja kubadilisha kimfuko. Nikampisha, kisha nikavuta kiti nikakisogeza upande ule wa mrija wa nyongo.